Msiba wa Diwani Aliyekuwa Hai

Vijana wa chumba cha uchoraji mmeniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijasahau. Mmechelewa kidogo. Nimeshasahau mengi, hasa yale niliyofanya vizuri. Yale niliyoharibu nayakumbuka yote, kwa hiyo mtapata hayo. Vyeo sina vya kusimulia, na mshahara wangu hata marehemu mke wangu, Osmunda, aliueleza wote kwa sentensi moja.

Nilimaliza darasa la saba Matiri nikaenda Mbinga mjini kujifunza kuandika mabango. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Mtu aliyezoea kuuza sabuni kwa kujificha sasa alitaka jina lake juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Wanunuzi binafsi wa kahawa nao wakaja, kila mmoja na ubao wake. Katikati ya mabango niliandika misalaba ya makaburini. Mwenye msalaba harudi kulalamika, lakini ndugu zake hurudi, kwa hiyo nilijifunza kusoma jina mara tatu kabla ya kuchovya brashi. Nidhamu hiyo ingenisaidia sana maishani kama ningeitumia pia kwenye picha.

Kazi ya katuni niliipata kwa sababu ya kuku. Nilikuwa nimechora kuku kwenye ukuta wa hoteli moja ndogo, na kwa kutojua kuchora miguu nikamfanya aonekane anamkimbia mpishi. Mwalimu Salehe alipita pale. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, aliyeletwa kwetu kusimamia elimu ya watu wazima, na ofisi yake ilikuwa imeagizwa kutoa gazeti dogo kila mwezi kuwaeleza wananchi mambo mapya: vyama vingi, kuchangia matibabu, soko huria la kahawa. Alisimama akamtazama kuku yule.

"Huyu kuku ana maoni yake," alisema. "Nani kamchora?"

Siku ya kwanza aliniambia nichore soko huria. Nilikaa nalo asubuhi nzima nikampelekea picha ya soko lisilo na ukuta, paa wala mlango. Mwalimu akaiweka mezani taratibu. "Fundi, hili limebomoka. Huria ni kitu kingine." Sijui kama nilikuwa nimekosea sana. Lakini nilirudia.

Ninyi mnachora kwenye kioo, mkikosea mnafuta kwa kidole. Sisi tulichora kwenye karatasi ya nta ya mashine ya kudurufu. Unakwangua nta kwa ncha ya chuma, wino unapita pale ulipokwangua. Ncha zilizoletwa na ofisi zilipotea mwezi wa kwanza, nikanoa spoku ya baiskeli, ikawa bora kuliko zile. Kosa lilizibwa kwa rangi ya kucha. Nilinunua rangi ya kucha sokoni kila mwezi, na mama muuzaji kila mwezi aliniuliza hali ya mchumba wangu. Osmunda alinishauri nichague nyekundu, kwamba inanifaa zaidi.

Yeye ndiye aliyekuwa mtihani wangu. Alizaliwa Liuli, ufukweni mwa ziwa, na alisoma picha vizuri kuliko maandishi. Nilimwekea mchoro mbele bila kusema neno. Akiuliza, "Huyu anafanya nini?" narudia. Akinyamaza na kuendelea kuchambua usipa, dagaa wa kwao ziwani, mchoro umepita. Akicheka, jambo lililotokea mara tatu katika ndoa yetu yote, nilimpelekea Mwalimu nikikimbia. Mchoro nitakaowasimulia haukupita kwake. Alikuwa kwao Liuli kumuuguza dada yake aliyejifungua.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Mwalimu alitaka watu wajue kuwa diwani anaweza kuulizwa maswali kwenye mkutano wa hadhara na anatakiwa kujibu. Hilo lilikuwa jambo geni. Watu wengi waliamini kumuuliza kiongozi swali ni kumtukana. Diwani wa kata moja ya ziwani, Mzee Ditriki, alikuwa ameahidi pampu ya maji tangu mtoto wangu wa kwanza akitambaa, na kila alipoulizwa alijibu, "Subirini." Mtu mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa na koti la kijivu lenye kiraka cha kahawia kwenye kiwiko, kofia ya pama, na mwendo wa kuinamia upande kama anayetafuta kitu alichoangusha. Kwa mchoraji ilikuwa zawadi.

"Usimchore mwenyewe," Mwalimu alinionya. "Watatufunga."

Nikawaza siku mbili, nikapata wazo ambalo niliona ni la akili nyingi. Nilikumbuka misiba ya kwetu, namna mama mtani anavyovaa koti la mwanamume na kofia yake, akatembea kama yeye na kusema kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Basi sitamchora Diwani. Nitachora bibi mmoja amevaa koti la kijivu lenye kiraka, ameinamia upande, mbele ya watu wenye ndoo tupu, anawaambia, "Subirini." Nani atanifunga kwa kuchora bibi? Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Maafisa wote waliotoka mikoa mingine walicheka. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilikumbuka kicheko, nikasahau kinachekwa wapi.

Gazeti likateremka ziwani kwa lori. Wino wa mwisho wa kopo ulikuwa hafifu, kwa hiyo maneno ya chini ya picha hayakutoka vizuri. Picha ilitoka vizuri sana.

Siku ya nne, mchana, wanaume wawili kutoka ufukweni waliingia karakana kwangu na baiskeli zao na mbao mbili zilizorandwa.

"Tumekuja kuandikisha msalaba, fundi."

"Poleni sana. Wa nani?"

"Diwani Ditriki."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimemcheka mtu, na sasa amekufa. Niliwaambia kazi hiyo nitaifanya bure, na niliifanya kwa moyo wote. Nilisoma jina mara tatu. Herufi zilikaa sawa kama askari wa gwaride. Nilipofika kwenye tarehe nikauliza, "Amefariki lini?"

Yule mkubwa wao akamtazama mwenzake. "Hiyo tulifikiri utatuambia wewe."

"Mimi?"

"Gazeti si lenu? Limebandikwa dukani tangu juzi." Akatoa nakala mfukoni, akaikunjua juu ya mbao. "Tunasubiri mwili. Alikwenda Songea anakohoa. Tukitoka hapa tunatafuta gari la kuufuata."

Nataka mjue kwamba hata hapo sikuelewa. Niliwaambia, "Hapa hakuna palipoandikwa kwamba amekufa."

"Huyu mama kavaa koti la nani?"

"La Diwani."

"Na Diwani mwenyewe yuko wapi kwenye picha?"

Nikaipitia picha yote kwa kidole.

"Basi," alisema, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Mtu havaliwi koti na mtani akiwa hai."

Mimi niliyekulia kwenye misiba, niliyeandika misalaba ya nusu ya wilaya, nilikuwa nimetangaza kifo cha diwani kwa lugha ambayo kila bibi wa kata ile aliisoma bila miwani. Niliwaeleza. Hawakukubali. "Wewe ni fundi rangi, si daktari," walisema, wakaenda kutafuta gari la Songea.

Mwalimu Salehe alipolisikia alipekua barua za ofisi. "Diwani yuko kwenye semina Songea," alisema. "Anarudi kesho. Tuteremke naye." Nilitumaini atasema anateremka peke yake, maana yeye ndiye mhariri. Hakusema.

Asubuhi tulipanda lori, na Diwani akapanda hapo hapo Mbinga, mzima, koti mwilini.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, fundi. Mwalimu, habari za kazi? Mnakwenda kwetu, kuna nini?"

Nilimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama mashamba ya ngolo, yale yanayolimwa kwa mashimo, upande wa pili kama mtu anayehesabu mashimo.

"Kuna msiba," nikasema.

"Kwenye kata yangu? Nani?"

"Mtu wa makamo."

Diwani akavua kofia, akaiweka magotini. Lori likaanza kona za mteremko. "Na mimi sina habari," alisema. "Aliugua?"

"Hapana. Ghafla."

"Ameacha watoto?"

"Wanne," alisema Mwalimu, ambaye hakuwahi kusema uongo.

"Masikini. Mimi pia nina wanne." Kona mbili mbele akauliza, "Alikuwa mtu mwema?"

Hilo ndilo lililonishinda. Nikampa gazeti. Alilisoma, akaligeuza nyuma kuona kama kuna maelezo, akalirudia mbele.

"Huyu mama amevaa koti langu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Aliitazama kofia magotini. Yeye ni mtu wa pale, hakuhitaji kuelezwa kama mimi. "Kwa hiyo kofia hii," alisema, "nimejivulia mwenyewe."

Tulifika saa nane. Vijana waliokuwa wanachanja kuni mbele ya nyumba yake waliacha mashoka wakakimbia. Uani kulikuwa na masufuria, viroba vya unga, wanawake wengi. Bibi mtani wa ukoo wake alikuwa katikati na koti la mvua la Diwani, ndiyo kwanza anasema "Subirini" ya tatu au ya nne. Alipomwona mwenye koti alilivua, akalikunja vizuri, akamwekea miguuni. Hakuna aliyecheka. Wapo waliolia upya.

Mpaka hapo, nawaambieni kweli, nilikuwa bado naona jambo hili litakuwa hadithi nzuri siku moja. Kisha tukaingia ndani.

Mama Winfrida, mke wa Diwani, alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, macho yamevimba. Alimtazama mumewe kutoka miguuni kwenda juu. Hakuinuka.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, mama. Ni uongo mtupu, huyu fundi..."

"Baiskeli yako iko kwa Kunibert. Redio sijui iko kwa nani. Cherehani nimeikalia."

Akasogea. Chini ya kanga kulikuwa na kichwa cha cherehani. Alikuwa amekikalia tangu jana yake asubuhi, na hakuinuka hata kwenda kula, kwa sababu shemeji zake walikuwa wanaingia na kutoka. Walikuwa wamedai ufunguo wa nyumba. Walikuwa wamemuuliza, kwa heshima zote, anategemea kurudi kwao lini.

Nilikuwa nimemfanya mama yule mjane kwa siku tatu. Nimejaribu kuliandika hilo kwa namna inayoniacha na sura nzuri kidogo, sikuipata.

Jioni wazee walikaa barazani. Kunibert, mdogo wake Diwani, alikuwepo, amerudisha baiskeli.

"Tulikuwa tunahifadhi mali ya kaka," alisema.

"Unahifadhi baiskeli kwa kuipanda mpaka gulioni?" Mama Winfrida aliuliza toka mlangoni.

Mzee wa baraza akanigeukia. "Fundi, wewe ni mtani wa ukoo huu?"

"Hapana, mzee."

"Ungekuwa mtani, tungecheka tukala. Sasa siyo utani, ni uchuro. Mbuzi mmoja, na gazeti lenu lisifike tena huku."

Mbuzi niliona ni haki. Gazeti kutofika lilikuwa pigo, kwani kata zile za ziwani ndizo zilizolihitaji kuliko zote. Mwalimu aliinamisha kichwa. Diwani naye aliitikia, maana uchaguzi ulikuwa karibu na lile neno lake lilikuwa limeigizwa mbele ya kata nzima. Ndipo Mama Winfrida akatoka nje kabisa.

"Mbuzi mtakula ninyi," alisema. "Mimi niliyekaa mkekani napata nini?"

"Unataka nini, mama?" aliuliza mzee.

"Huyu fundi amenionyesha ujane wangu kabla ya siku zake. Na auchore. Achore shemeji wakigawana redio. Halafu achore mtu afanye nini ili mkewe asikalie cherehani."

"Unataka kuianika nyumba yangu?" Diwani akauliza.

"Imeshaanikwa, baba. Wewe ulikuwa marehemu, hukuona."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukataa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mke nyumbani ambaye angesikia habari hizo kabla ya giza. Gazeti likaruhusiwa. Mbuzi nilimlipa vilevile.

Mchoro huo ulinichukua majuma matatu, na ndio ninaoweza kuwaonyesha bila kugeuza uso. Picha tisa. Katika tano za mwanzo, mtu anasafiri na ndugu wanajipima viatu vyake. Katika nne za mwisho, mtu anaandika wosia. Rasimu ya kwanza nilikosea: nilimchora anaandika peke yake chumbani, akauficha chini ya godoro. Mwalimu alinipeleka kwa karani wa mahakama ya mwanzo. Karani aliitazama akasema, "Hapa umemfundisha jinsi ya kulala juu ya karatasi." Alinieleza habari za mashahidi, wa ukoo na wa nje ya ukoo, na kwamba karatasi ikae mahali ambapo shemeji hawawezi kufika kabla ya mjane. Nikarudia. Safari hii Osmunda alikuwa amerudi. Nilimwekea mbele. Hakucheka wala hakuuliza. Aliweka chini ungo wa usipa, akaangalia picha ya pili kwa muda mrefu, akasema, "Na wewe utaandika lini?" Niliandika juma lile. Ikawa kazi bure, kwa maana yeye ndiye aliyetangulia. Ni jambo ambalo kwenye picha tisa sikulifikiria.

Tulidurufu nakala mpaka karatasi ya nta ikachanika. Watu wa Kingerikiti walituma mtu kuziomba, na wa Litumbandyosi wakabandika moja kanisani. Shemeji wawili wa ukoo nisioujua kabisa walikuja karakana kunitisha, wakiamini nimewachora wao. Niliwahakikishia sivyo. Walipoondoka nikagundua mmoja wao ningependa kumchora.

Uchaguzi ulipofika, Diwani Ditriki alishinda kwa kura nyingi kuliko mwanzo. Watu walikuwa wameshamlia, wakaona haifai kumnyima. Hayo ndiyo matokeo ya katuni yangu ya kwanza ya kisiasa, na nawaomba myakumbuke siku mtakapojiona mmeangusha serikali. Ila mkutano wa kwanza baada ya hapo mama mmoja alisimama na ndoo, akauliza swali, na akajibiwa. Mwalimu alilihesabu kuwa ushindi. Pampu ililetwa na diwani mwingine.

Baada ya miezi kadhaa Mzee Ditriki alipita karakana, akajifanya anatazama mabango.

"Fundi, ile picha ya saba. Mashahidi wale ni wangapi? Wino ulififia."

Nikamtajia.

"Na wa nje ya ukoo anaweza kuwa mwalimu?"

"Anaweza, mzee."

"Nilikuwa nauliza tu," alisema, akaondoka. Hakurudi kulizungumza. Mwalimu Salehe, nilipomdokeza, alisafisha miwani yake akauliza bei ya rangi ya kucha imefikia ngapi. Kwa hiyo kwa miaka sikujua kama karatasi ile iliandikwa, na kila nilipopata habari kwamba Mama Winfrida hajambo nilijiuliza hajambo mpaka lini. Nilikuwa nimechora picha tisa. Wosia ni kazi ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na sifa ya kusema subirini.

Alifariki kweli miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, Osmunda akiwa ameshatangulia. Nilithibitisha kwa watu watatu kabla ya kuandika msalaba. Siku ya maziko nilichelewa, gari liliharibika mteremkoni, kwa hiyo nilikwenda baada ya arobaini. Nilimkuta Mama Winfrida anashona. Alizima cherehani akaniletea kigoda, kisha ugali na samaki, na hakuniruhusu nianze na pole zangu nilizokuwa nimezipanga tangu Mbinga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Umezeeka."

"Ndiyo, mama. Kunibert alikuja?"

"Alikuja na wenzake, siku ya tatu. Wamechukua baiskeli, redio, na lile gazeti lako la picha tisa nililolibandika mlangoni."

"Gazeti la nini?"

"Wanasema linawaaibisha mbele ya wageni."

Nilinawa mikono polepole. Sikujua niulizeje, nikauliza hivyo hivyo. "Na nyumba?"

Alinitazama kama Osmunda alivyonitazama nilipochelewa kuelewa jambo lililo wazi.

"Nyumba ndiyo hii uliyokaa, fundi. Karatasi iliwatangulia. Kula, samaki anapoa."